Usiuze baiskeli kwanza

Swahiba,

Mambo vipi, nyumbani wazima? Shemeji na watoto? Kimya kimekuwa kirefu pande zote mbili, tusilaumiane. Nimeona meseji yako kwenye grupu, eti unauza baiskeli kwa sababu goti halitaki milima tena. Usiuze! Nisikilize kwanza.

Jumamosi nimetoka Cumberland, jimbo la Maryland huku Marekani, mpaka Rockwood kule Pennsylvania, kilomita kama 70, mzigo umejaa kwenye karia, kwa ile njia ya Great Allegheny Passage. Zamani ilikuwa reli, treni zikaacha kupita, wakang'oa vyuma na mataruma wakamwaga kokoto laini za chokaa wakashindilia. Najua ukisikia milima unafikiria ule mlima mkali wa Kitonga kwetu. Hapana kaka, treni la mizigo haliwezi mlima mkali, kwa hiyo waliojenga walizungusha, wakakata, wakatoboa, ilimradi mwinuko usizidi mita 2 kwa kila mita 100. Ndo maana unapandisha kilomita 38 mpaka kileleni, mita 729 kutoka usawa wa bahari, umekaa kwenye siti muda wote, gia nyepesi, miguu inazunguka tu. Frostburg nilimkuta mama mmoja mtu mzima kavaa bandeji la goti, anakunywa chai, kapanda njia hiyohiyo!

Karibu na kilele kuna handaki la Big Savage, kama kilomita nzima, taa zipo ila baridi yake bwana, nje jasho linatiririka, ndani mdomo unatoa mvuke na maji yanadondoka toka juu yanakuingia shingoni. Ukivuka kilele, maji ya upande huu yanaenda Atlantiki, ya upande ule Ghuba ya Meksiko, na kuanzia hapo ni mteremko wa taratibu mpaka Pittsburgh. Goti lako litapumzika kabisa.

Halafu daraja la Salisbury, mita 580 hivi, mto Casselman uko chini na treni la reli nyingine linapita chini yako. Pale nikaikumbuka reli yetu ya Mtwara–Nachingwea, ile ya mradi wa karanga wa Waingereza enzi za ukoloni, iliyong'olewa miaka ya 60. Ingebaki hata njia tu watoto wapite na baiskeli... basi, tutaongea.

Turudi kwenye goti. Daktari alikukataza baiskeli kabisa au alikukataza kupanda milima? Siti umeshaipandisha? Maana ulikuwa unakaa chini mno, na siti ya chini inatesa goti. Kuna mtu kashakupa hela, au bado? Mwezi wa 10 unaweza kupata likizo, majani yakiwa yamebadilika rangi? Desemba handaki linafungwa kwa ajili ya barafu, tukichelewa mpaka mwakani. Na yule bwana wa Columbus, bado ana gari lenye kibebeo cha baiskeli? Nimpigie mimi au utampigia wewe?