Taarifa ya mwenyekiti kwa mkutano mkuu: mwaka wa makufuli

Ndugu wanachama,

Mwaka jana tulizungumza sana habari ya sare, usafiri wa zamu ya usiku na tipu zinazolipwa kwa kadi halafu haziwafikii wahudumu. Mambo hayo bado yapo na katibu atayagusa. Mimi sehemu kubwa ya taarifa yangu naielekeza kwenye jambo moja lililotukimbiza mwaka mzima hapa Dar es Salaam: mgahawa unafanya kazi mpaka saa tano usiku, asubuhi wafanyakazi wanakuta kufuli.

Inavyokuwa mnaijua. Mpishi wa zamu ya asubuhi anafika saa kumi na moja na nusu kuandaa chapati na supu, anakuta getini mlinzi mgeni ambaye hana habari naye. Anampigia meneja, simu inaita mpaka inakatika. Saa mbili grupu la WhatsApp la kazini linapata ujumbe mmoja, "tunafanya marekebisho kidogo, mtajulishwa", na ikifika mchana aliyeutuma ameshajiondoa kwenye grupu. Baadaye anafika mteja aliyelipia chakula cha send-off ya Jumamosi. Bosi hayupo, meneja hayupo, aliyepo ni mhudumu aliyemwandikia oda. Maneno yote yanamwishia yeye.

Hapo kwa mteja naomba tukae kidogo. Baadhi yenu mlipokea malipo ya awali ya sherehe kwa namba zenu za simu, kwa sababu meneja alisema namba ya kulipia ya mgahawa "ina tatizo". Mgahawa ulipofungwa, ujumbe wa muamala kwenye simu ya mteja ulikuwa na jina la mhudumu, si la mgahawa. Mhudumu alishaikabidhi fedha yote, lakini ushahidi hana. Wapo walioitwa polisi kwa hilo. Kamati inasisitiza: fedha ya mteja isipite kwenye simu yako hata kwa dakika tano. Meneja akilazimisha, mwambie aweke namba yake mwenyewe. Namba ya mgahawa inayokuwa "na tatizo" kwa wiki nzima, mara nyingi ni kwamba mwenye mgahawa hataki fedha iingie mahali ambapo wanaomdai wanaweza kuiona.

Na hii inanileta kwenye neno "ghafla". Kwa mteja ni ghafla kweli. Kwa jikoni, si sana. Samaki wa soko la Feri waliokuwa wakiletwa kwa mkopo wa wiki wanaanza kuletwa kwa fedha taslimu tu. Mtungi mkubwa wa gesi unageuka mitungi midogo. Umeme unanunuliwa wa elfu kumi kumi. Menyu ina vyakula arobaini, mhudumu ameelekezwa aseme "hicho kimeisha" kwa thelathini. Mshahara unakuja nusu, halafu unaitwa advansi, halafu hauna jina. Mtu wa stoo huwa anajua kabla ya mhasibu.

Nimezungumza na wenye migahawa wachache waliokubali kuongea nami. Wanasema wakitangaza mapema, wapishi wazuri wanaondoka wiki hiyohiyo, wauzaji wanakata mkopo, na mwenye nyumba anawahi kuzuia vyombo kwa deni la pango. Hofu yao naielewa. Biashara hii faida yake ni nyembamba na pango la maeneo kama Masaki halina huruma. Lakini anayefanya hivyo anachagua nani abebe hasara, na siku zote anamchagua yule asiye na dhamana mkononi. Mwenye nyumba ana vyombo. Benki ina hati. Sisi tuna aproni.

Sheria haimruhusu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi kwa sababu za kibiashara atoe taarifa ya kusudio hilo mara tu anapolifikiria, aeleze sababu, na ashauriane na chama cha wafanyakazi au na wafanyakazi wenyewe kama hawana chama. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28. Asipopewa, analipwa badala yake. Aliyetimiza mwaka mmoja anastahili kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, kisichozidi miaka 10. Chukueni mtu wa mshahara wa 312,000 anayefanya kazi siku 6 kwa wiki. Siku yake moja ni shilingi 12,000, siku 7 ni 84,000. Akiwa na miaka 6 kamili, kiinua mgongo peke yake ni 504,000. Bado malipo ya notisi, likizo ambayo hakuchukua, na siku alizofanya kazi bila kulipwa. Si utajiri, lakini ni ada ya mtoto.

Mtu asiniambie taarifa ya mapema haiwezekani katika kazi yetu. Hoteli ya Hilton ya Nairobi, iliyokuwapo katikati ya jiji tangu 1969, ilitangaza Mei 2022 kwamba itafunga mwisho wa Desemba. Wenzetu wa pale waliumia kama mtu yeyote anavyoumia kazi ikiisha, ila walipata miezi ya kujipanga. Na kiinua mgongo, sheria ya Kenya inawapa mshahara wa angalau siku 15 kwa kila mwaka, sisi 7. Hilo la siku 7 tulipeleke kwenye vyama vya wafanyakazi, kwa sababu sisi peke yetu hatuna sauti ya kufika bungeni.

Kinachotuumiza zaidi ni kusubiri. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yanatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Madai mengine, kama mshahara ambao haukulipwa, ni siku 60. Sasa bosi anapiga simu siku ya tano anasema "vumilieni, tunafungua mwezi ujao". Watu wanavumilia. Siku ya arobaini simu haipatikani tena, na kule CMA unaanza kwanza kuomba kuongezewa muda na kueleza kwa nini ulichelewa. "Bosi alituahidi" ni maelezo dhaifu. Hesabu siku tangu asubuhi ya kufuli, jaza fomu namba 1, wasilisha. Bosi akifungua kweli, malalamiko unaweza kuyaondoa, hakuna aliyekufa.

Unamshtaki nani? Hapa wengi wamekwama. Jina lililo kwenye bango la mgahawa mara nyingi si jina la mwajiri wako. Mwajiri ni kampuni iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa jina ambalo hujawahi kulisikia. Ukijaza fomu kwa jina la bango, unaweza kuja kushinda dhidi ya kitu ambacho kisheria hakipo. Dawa yake iko kaunta kila siku: risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Ina jina la mlipakodi na TIN yake, yaani namba yake ya mlipakodi. Piga picha moja leo, wakati mashine bado inafanya kazi. Piga na leseni ya biashara iliyobandikwa ukutani. Wenye kazi ya deiwaka, ya kulipwa kwa siku, na wasio na mkataba wa maandishi msikate tamaa: kutoa mkataba ni wajibu wa mwajiri, na akishindwa kuuonyesha, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unakuwa wake.

Kuhusu kubeba vyombo nitasema kwa kifupi. Mwanachama mmoja alichukua blenda na majiko mawili "kufidia mshahara". Mwajiri ambaye hakuwa akipatikana kwa simu alipatikana upesi sana kwenda kutoa maelezo kituoni. Kamati haitamwekea dhamana mtu wa namna hiyo tena.

NSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii: mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu inayokatwa kwako haitakiwi kuzidi asilimia 10. Kukatwa kwenye karatasi ya mshahara hakumaanishi fedha imefika. Angalia akaunti yako kila mwezi, kwa sababu michango inayokatika ghafla ni dalili kubwa kuliko hata mitungi ya gesi. Lipo pia fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, kwa aliyechangia angalau miezi 18 na ambaye hakuacha kazi mwenyewe. Ndiyo maana mkipewa barua ya kujiuzulu iliyochapwa tayari, kwa ahadi kwamba "itaharakisha malipo", msiisaini.

Wanaokwenda Zanzibar kwa msimu wajue kwamba huko sheria ya kazi ni nyingine, mfuko wa hifadhi ya jamii ni ZSSF, na CMA ya huku haiwahusu. Katibu anaandaa maelezo yao peke yao.

Hesabu za chama atazisoma mweka hazina, sitamwingilia. Ninachoomba mkutano uamue ni kimoja: sehemu ya ada ya kila mwezi itengwe iwe mfuko wa kufuli, wa kumlipia mwanachama nauli ya kwenda na kurudi CMA na chakula cha nyumbani kwa wiki mbili za kwanza, kwa sharti kwamba ameshawasilisha fomu yake. Wapo kwenye kamati wanaoona sharti hilo ni kali. Mimi nalitetea, kwa sababu bila hilo tutakuwa tunawalipa watu wasubiri simu ya bosi.

Nakala za fomu ziko mezani kwa katibu. Naomba taarifa hii ipokelewe na ijadiliwe.

Mwenyekiti