Msitulazimishe kuziba matundu ya friji

Mhariri,

Mimi ni fundi wa bodi za magari karibu na Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Wateja huniletea magari ya kulala safarini, friji ya gesi imekufa, wakitaka nyingine itiwe palepale, na kuniagiza: "Hayo matundu ya ubavuni ziba, yanaingiza vumbi."

Sizibi. Friji ya gesi haina kompresa, ile pampu ya umeme ya kuzungusha gesi ya kupozea. Moto mdogo huchemsha mchanganyiko wa amonia na maji, na joto lote hutokea mgongoni. Tundu la chini huingiza hewa baridi, la juu hutoa ya moto. Ukiziba, friji haigandishi kitu (maziwa yatachacha kabla hujafika Naivasha). Kibaya zaidi ni kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokayo kwenye moto huo: haina harufu, na watu wamelala. Ndiyo maana nyuma ya friji naziba kila mwanya unaoelekea chumbani, siyo matundu ya nje.

Anayechukia matundu anunue friji ya kompresa, ya volti 12. Haitoi moshi, ingawa nayo yahitaji nafasi ya hewa nyuma, na betri ya kutosha.

Wauzaji nao watupe maelekezo ya ufungaji kwa Kiswahili.

Fundi wa magari,
Ngara, Nairobi