Ukuta wa Xi'an si wa Tang

Mhariri,

Makala yenu kuhusu Xi'an, mji wa kale wa China, ilieleza vyema biashara ya hariri, ila mlikosea kusema ukuta wa mji unaoonekana leo ni wa enzi ya Tang, ukoo wa kifalme uliotawala miaka ya 618 hadi 907. Ni wa Ming, ukoo uliotawala baadaye (1368 hadi 1644); ulianza kujengwa miaka ya 1370 juu ya msingi wa Tang. Mzunguko wake ni kama kilomita 13.7, kimo mita 12. Ndani ni udongo ulioshindiliwa tabaka kwa tabaka, la chini likichanganywa na chokaa na maji ya mchele wa kunata. Matofali ya nje yalikuja baadaye sana, 1568. Adui wake ni mvua: maji yakipenya kwenye nyufa, udongo hufura na matofali hutokeza tumbo (wenye kuta za mawe Nairobi wanalijua hilo). Mifereji ya kuondoa maji hayo ilipangwa upande wa ndani.

Msomaji,
South B, Nairobi