Kaka Salim, ile vita ya Marekani ilikuwa ya watumwa

Kaka Salim,

Habari za huko? Sisi huku wazima, mama anakusalimia sana na anauliza lini utakuja. Ile voisi yako nimeisikiliza yote nikaona bora nikuandikie, manake kwa simu tutakatizana maneno tu. Unasema vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani ilikuwa ya haki za majimbo, ati watu wa Kusini walitaka tu kujiamulia mambo yao, na utumwa ukaja kuchomekwa baadaye. Hiyo stori naiona kila mahali siku hizi na inaniuma kweli, kwa sababu inawafuta watu karibu milioni 4 ambao mpaka 1860 walikuwa wanauzwa na kurithishwa kama ng'ombe.

Sasa nisikilize. Tangu 1820 walikuwa wanapatana patana, jimbo moja la watumwa likiingia linaingia na moja huru, Missouri na Maine, wakachora na mstari kwenye ramani, kaskazini yake utumwa usiingie. Mapatano yakashikilia miaka mingi. Alafu wakapigana na Mexico wakachukua ardhi kubwa mpaka California, na ugomvi ukaanza upya, hii ardhi mpya watumwa waingie au wasiingie? Mwaka 1850 wakapatana tena, California ikawa huru, na Kusini wakapewa sheria ya kukamata watoro. Hapa ndipo nataka ukae kidogo kaka, manake hii sheria watu wanaipita haraka.

Yaani mtu katoroka Virginia, yuko zake Boston anafanya kazi. Akikamatwa hakuna jopo la raia la kumsikiliza, na yeye mwenyewe haruhusiwi kutoa ushahidi. Anapelekwa kwa kamishna, na kamishna akisema huyu ni mtumwa, arudishwe, analipwa dola 10, akimwachia analipwa dola 5. Ukimficha mtoro faini mpaka dola 1,000 na jela mpaka miezi 6, na raia yeyote anaweza kuamrishwa asaidie kukamata hata kama moyo wake haumtumi. Na hiyo ni sheria ya serikali kuu, inaingia ndani ya majimbo yaliyokwisha kupiga marufuku utumwa siku nyingi. Niambie hapo haki za majimbo zilikuwa wapi, na nani alikuwa anazililia?

Kuna kijana aliitwa Anthony Burns. Alitoroka Richmond kwa meli mwaka 1854 akapata kazi kwenye duka la nguo Boston. Akamwandikia barua kaka yake, barua ikaangukia mikononi mwa wenyewe na bwana wake akajua alipo. Tarehe 24 Mei wakamkamata barabarani kwa kisingizio kwamba kaiba kwenye duka la vito. Siku mbili baadaye watu, weusi kwa weupe, wakavamia mahakama wakavunja mlango, mlinzi mmoja akafa, lakini hawakumpata. Tarehe 2 Juni wakamtoa kumpeleka bandarini, mtu mmoja huyo, katikati ya wanajeshi wenye bunduki, maelfu kwa maelfu wamejaa pande zote wanazomea, maduka yametundika vitambaa vyeusi, na juu ya barabara wameninginiza jeneza limeandikwa Uhuru. Baadhi yao pale hawakuwa wapinga utumwa, walikuwa wafanyabiashara waliotaka amani na wateja wao wa Kusini, ila siku ile wakaona kwa macho yao kitu walichokuwa wanakisikia tu. Burns baadaye alikombolewa kwa pesa, wakachangishana watu wa kanisa la weusi pale Boston, akasoma, akawa mchungaji Canada.

Na siku hizohizo Burns akiwa kizuizini, tarehe 30 Mei, Rais Pierce akasaini sheria ya maeneo mapya ya Kansas na Nebraska iliyofuta ule mstari wa zamani, sasa wakazi wenyewe wapige kura kama wanataka utumwa. Unajua ilikwendaje? Machi 1855 Kansas ilikuwa na wapiga kura hawafiki 3,000 kwenye daftari, kura zikatoka zaidi ya 6,000, watu walivuka mpaka kutoka Missouri na silaha zao wakapiga kura wakarudi makwao. Kuanzia hapo ni kuchomana nyumba na kuuana. Mei 1856 Seneta Sumner wa Massachusetts alihutubia dhidi ya mambo ya Kansas, mbunge wa South Carolina anaitwa Brooks akamfuata ndani ya ukumbi wa Seneti akiwa amekaa kwenye dawati lake akampiga na fimbo kichwani mpaka ikavunjika. Sumner alikaa zaidi ya miaka 3 kabla ya kurudi kazini sawasawa, na Brooks huko kwao alitumiwa fimbo mpya za zawadi!! Mwaka 1857 Mahakama Kuu kwenye kesi ya Dred Scott ikasema mtu mweusi hawezi kuwa raia na Bunge halina mamlaka ya kuzuia utumwa kwenye maeneo mapya. Baada ya hapo kupatana kwa namna gani tena?

Sisemi Kaskazini walikuwa malaika. Viwanda vyao vilikula pamba iliyochumwa na watumwa, na ile merikani waliyovaa bibi zetu, meli za Salem zilikuwa zinaileta Unguja zinarudi na pembe za ndovu, ilifumwa huko kwa pamba hiyohiyo, na Unguja nako karafuu zilichumwa na watumwa. Kwa hiyo haya mambo hayako mbali na sisi kaka. Hata Lincoln, aliyechaguliwa rais 1860, alisema waziwazi hatagusa utumwa pale ulipo, alichokataa ni usienee. Na hicho tu kiliwatosha Kusini kuondoka.

Sasa soma walichoandika wenyewe. South Carolina ilijitenga Desemba 1860 ikatoa tangazo la sababu zake, na lawama kubwa mle ndani ni kwamba majimbo ya Kaskazini yametunga sheria zao za kuzuia watoro wasirudishwe. Umeona? Wanalalamika kwamba majimbo mengine yanajiamulia mambo yake! Mississippi nao kwenye tangazo lao wakasema mapema kabisa kwamba msimamo wao umefungamana na utumwa. Na makamu wa rais wa serikali waliyounda majimbo yaliyojitenga, Alexander Stephens, Machi 1861 kule Savannah akasema jiwe la pembeni la serikali yao mpya ni kwamba mweusi hayuko sawa na mweupe. Wiki tatu baadaye wakaanza kupiga mizinga Fort Sumter, ngome ya jeshi la serikali kuu, na vita ikaanza.

Hayo matangazo yapo bado, yote mawili, yasome kabla hujanijibu, alafu tuma voisi ndefu unavyotaka. Shemeji na watoto nisalimie.

Nduguyo,
Rashidi