Maumivu ya kinena: si kila mchezaji ana ngiri

Vijana wa mitaa ya Maweni, Shella na Kisumu Ndogo wanaotujia kutibiwa wakichechemea huwa wameshajipa jibu: "Ngiri hii." Wengine husema ni mtoki. Wameshakunywa mizizi, wamechuliwa kwa mafuta, wamekaa nje mechi mbili tatu, kisha shuti la kwanza tu likawarudisha benchi.

Kwa mcheza soka, mara nyingi kinachouma ni misuli ya ndani ya paja, ile inayouvuta mguu katikati. Ukitaka kupiga shuti, mguu huenda nyuma kwanza, kisha ukafyatuka mbele. Hapo unapogeuza mwelekeo, msuli umevutika sana na bado unafanya kazi kwa nguvu zake zote. Ndipo unapochanika, aghalabu karibu na mfupa wa kinena. Kugeuka ghafla kumkaba winga nako huuchosha vivyo hivyo.

Kupumzika huondoa maumivu lakini hakurudishi nguvu, na aliyewahi kuumia hapo ndiye aliye karibu zaidi kuumia tena. Kwa hiyo sisi hupima kwanza. Unalala chali, unakunja magoti, unayabana pamoja kwa nguvu, tunasoma kipimo. Halafu tunalinganisha misuli ya ndani na ya nje, ile inayoupeleka mguu pembeni. Utafiti wa mwaka 2001 kwa wachezaji wa kulipwa wa hoki ya barafu (mchezo wa mbali na kwetu, lakini paja ni paja) ulionyesha kwamba nguvu ya ndani ikishuka chini ya asilimia 80 ya ile ya nje, hatari ya kuumia huongezeka mara 17.

Zoezi tunalolipenda halihitaji vyuma. Lala ubavu, uegemee kiwiko, mwenzako akushikie mguu wa juu kwenye goti na kifundo. Inua kiuno huku mguu wa chini ukipanda kuugusa wa juu, kisha shuka taratibu. Timu za Norway zilizolifanya mara tatu kwa wiki kabla ya ligi, na mara moja ligi ikiendelea, zilipunguza hatari ya matatizo ya kinena kwa asilimia 41, kwa matokeo yaliyochapishwa 2019. Misuli itauma siku za mwanzo. Anza kwa mwenzako kukushika gotini tu.

Ukiona uvimbe unaotokeza ukikohoa, huenda ni ngiri kweli; nenda hospitali. Korodani ikiuma ghafla, nenda saa hiyohiyo, usitungoje sisi. Wengine njooni na bukta, na kama mmeumia jana, msichuliwe kwanza.