Barua kwa mwanangu: kabla hujaichomeka hiyo kompyuta

Dodoma

Mwanangu mpendwa,

Mbukwa, mama. Natumaini wewe na mjukuu wangu mu wazima huko Kongwa. Sisi hatujambo, baba yako anakusalimu sana.

Nimefurahi mno kusikia umenunua kompyuta ya mezani kwa akiba yako mwenyewe. Nilikuomba usiichomeke kwanza kwa sababu haya ninayotaka kukwambia ni mengi kwa simu, na mengine utayahitaji mwakani. Yaweke kwenye karatasi, uyabandike ukutani ukipenda.

Tangu nifungue steshenari hapa karibu na soko, nimeona kompyuta nyingi zikiletwa zimekufa, na chache sana zilikufa kwa uzee. Kwetu huku Kanda ya Kati zinauawa na umeme na vumbi. Na mwenye nayo akija, haulizi habari za mashine. Anauliza kilichokuwa ndani. Mashine utadunduliza upate nyingine, lakini maazimio ya kazi, alama za wanafunzi wako na picha za mtoto tangu kuzaliwa haviuzwi dukani. Hivyo ndivyo ninavyotaka uvilinde, na ulinzi wenyewe unaanza kabla hujabonyeza swichi.

Geuza CPU, yaani lile boksi la kompyuta, utazame nyuma, pale waya wa umeme unapoingia. Uliniambia ni ya mtumba, ilitumika ofisini ng'ambo. Hilo halinisumbui, za ofisini nyingi ni imara. Lakini baadhi ya pawasaplai, kile kifaa cha ndani kinachopokea umeme wa ukutani, zina kitufe kidogo chekundu cha kusogeza, upande mmoja kimeandikwa 115 na upande wa pili 230. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 230. Kitufe kikiwa kwenye 115 ukachomeka ukutani, utasikia paa! na harufu ya kuungua, basi, umeiagiza pawasaplai nyingine. Kisogeze kwa ncha ya bisibisi kabla hata waya haujaingia. Usipokiona kitufe, fungua ubavu usome karatasi iliyobandikwa kwenye pawasaplai. Ikiwa imeandikwa 100–240V, inajirekebisha yenyewe.

Sasa ethi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu nyumba uliyopanga ni ya zamani. Soketi kuwa na matundu matatu si ushahidi kwamba tundu la tatu limeunganishwa na chochote. Kuna nyumba ambazo waya wa kijani na njano umeishia ndani ya ukuta. Nyingine nondo ya ethi ipo, ila imesimama kwenye udongo mkavu, na udongo mkavu unapitisha umeme kwa shida. Unaijua Kongwa kuanzia Mei hadi mvua za Desemba, ardhi inavyopasuka. Siku ukigusa bati la CPU ukahisi linakutekenya vidole, usilizoee kama wengi wanavyolizoea. Zima, chomoa, ita fundi umeme mwenye leseni apime ethi kwa mita. Anaweza kukwambia nondo ishuke chini zaidi, au shimo lijazwe mkaa na chumvi na kumwagiwa maji kiangazi. Zungumza na mwenye nyumba mgawane gharama. Ethi hiyo itamlinda pia mjukuu wangu anayetembea peku sebuleni. Na asije mtu akakuvunjia pini ndefu ya plagi ili iingie kwenye ekstensheni ya matundu mawili. Nunua ekstensheni ya pini tatu.

Baada ya hapo nunua UPS, kile kiboksi chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika, kabla ya printa, kabla ya spika. Ya 650VA inatosha kompyuta yako na kioo chake. Kazi yake ni kukupa dakika chache uhifadhi ulichoandika na uzime kwa utaratibu, basi. Umeme ukikatika usiendelee kuchapa eti kwa sababu bado inawaka. Printa ya leza usiichomeke humo kamwe, kwa sababu inapopasha moto ndani yake huvuta umeme mwingi kwa mkupuo na UPS itazidiwa. Betri yake ni ya volti 12, ya risasi na asidi, na adui yake ni joto, kwa hiyo usiiweke dirishani jua linapopiga. Mara moja kwa mwezi, ukiwa umehifadhi kila kitu, zima swichi ya ukutani utazame inashikilia kwa muda gani. Ikianza kuzima papo hapo, betri imechoka. Inauzwa peke yake, usitupe UPS nzima.

Umeme ukirudi, subiri kidogo. Mafriji na pampu za mtaa mzima huwaka kwa pamoja na volti zinayumba. Mimi hungoja dakika tano. Na mvua za kwanza zikianza kunguruma, radi ikiwa karibu, UPS haitoshi. Chomoa plagi ukutani kabisa.

Bibi yako ameniambia unaogopa itamaliza umeme wa LUKU. Kompyuta ya aina hiyo pamoja na kioo, ukiwa unaandika tu, haifiki wati 100. Saa kumi za kazi hazitimizi uniti moja. Pasi yako ya asubuhi ikiwa inapasha moto huvuta wati nyingi kuliko hizo.

Vumbi nalo. CPU isikae sakafuni hata siku moja. Sakafuni ndiko vumbi linakotua, ndiko maji ya kudekia yanakofika, na kiangazi mchwa hupanda hapo hapo. Ipandishe mezani, mbali na dirisha, nyuma ibaki nafasi ya kiganja ili hewa ya moto itoke. Ukimaliza kazi na kuzima, ifunike kanga. Ikiwa inawaka, usiifunike hata kwa kitambaa chepesi. Tundu lolote lililo wazi nyuma lizibe kwa kibati chake, maana mijusi huingia kutafuta joto na wakifia kwenye pawasaplai wanaleta shoti.

Kila baada ya miezi mitatu, na mapema zaidi upepo wa Agosti ukivuma, isafishe ndani. Zima, chomoa waya, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Itoe barazani, simama upepo ukitokea mgongoni kwako. Fungua ubavu. Utakuta utando wa vumbi jekundu kwenye mapezi ya bati yaliyo juu ya prosesa, ndiyo ubongo wa kompyuta, na mara nyingi umegandia upande wa feni ambao huuoni. Huo ndio unaofanya kompyuta ipige kelele na kuwa nzito, na watu wanaambiwa wanunue RAM, kile kipande cha kumbukumbu kwenye bodi. Usugue taratibu kwa brashi mpya ya rangi, kavu, yenye nywele laini. Ukipata blowa, shika panga la feni kwa kidole lisizunguke wakati unapuliza, kwa sababu feni ikizungushwa kwa kasi kuliko ilivyoundwa inaharibika. Kitambaa chenye maji usikipitishe ndani. Pawasaplai yenyewe usiifungue, ipulize kwa nje tu. Mle kuna vitu vinavyobaki na umeme hata baada ya kuchomoa.

Ikitokea siku umeiwasha ikalia pii pii na kioo kikabaki cheusi, usikimbilie kwa fundi. Chomoa waya, toa RAM, futa ile sehemu ya dhahabu kwa ufutio safi wa penseli, irudishe mpaka isikike imeingia pande zote mbili. Mara nyingi inatosha. Na ukiona saa inarudi nyuma miaka kila ukizima ukutani, na tovuti zinakukatalia kwamba si salama, hapo ni betri ndogo ya CR2032 kwenye bodi. Ni bei ndogo na unaibadilisha mwenyewe.

Ya ndani ya Windows nitayapitia kwa ufupi, mengi unayajua. Angalia kwanza prosesa. Kama ni Intel, soma namba inayofuata kistari: i5-8500 ni kizazi cha nane, i5-6500 ni cha sita, i5-10400 ni cha kumi. Windows 11 inataka kuanzia cha nane. Windows 10 ilikoma kupata msaada wa kawaida wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo usiikalie kwenye mashine utakayofungulia akaunti ya benki. Ikikutwa ni ya kizazi cha zamani, weka Linux Mint au Ubuntu, mifumo ya kutumia badala ya Windows, ni bure na zinakwenda vizuri kwenye mashine za umri huo. Kwa kuandika, LibreOffice nayo ni bure na inafungua mafaili ya Word. Mtu akikuambia ana programu ya bure ya kufungulia Office ya kulipia, na kwamba inabidi uzime antivairasi kwanza, mshukuru umwache aende. Ulinzi uliokuja na Windows unatosha, mradi uwe umewashwa na unasasishwa.

Kompyuta nyingi za ofisini hazina Wi-Fi. Usinunue kifaa bado. Chomeka simu yako kwa waya wa USB, washa kwenye simu kushiriki intaneti kwa USB, utaingia. Ila mara tu utakapoingia, nenda kwenye mpangilio wa mtandao uuambie kwamba unalipia kwa kipimo (metered connection). La sivyo masasisho yatameza bando lote kabla hujasoma barua pepe moja. Halafu usiyafungie milele. Yaruhusu usiku mmoja kila mwezi, bando likiwa nafuu.

Kuhusu fleshi nitasema kwa urefu, kwa sababu ndizo ninazoziona kila siku hapa dukani. Mwalimu anakuja na mtihani wa kuchapisha. Nachomeka fleshi, nakuta mafolda yake yote yamegeuka njia za mkato, kila moja ina kishale kidogo pembeni. Yeye anakibonyeza, folda linafunguka kama kawaida, anafurahi. Kile kibonyezo kimoja kimekwisha kuwasha kirusi, na tangu hapo kila fleshi itakayochomekwa kwenye mashine yake itapata. Mafaili yenyewe hayajafutwa, yamefichwa tu. Kwa hiyo ukiona vishale hivyo, usibonyeze chochote na wala usifomati. Acha antivairasi iipitie fleshi kwanza. Kisha fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika attrib -h -r -s /s /d F:\*.* ukiweka herufi ya fleshi yako mahali pa F, subiri, mafolda yatarudi. Nakili kilicho chako, ndipo ufomati.

Ni afadhali usifike huko. Tenga fleshi moja ya steshenari tu, yenye faili unalochapisha siku hiyo na si lingine. Ligeuze kuwa PDF, herufi hazitahama. Ikirudi nyumbani, ipime kabla hujaifungua. Na ukituma kazi kwa WhatsApp ya duka, jua kwamba inabaki kwenye mashine ya duka. Mimi hufuta kila jioni, siwezi kuwasemea wengine wote. Mtihani wa wanafunzi au nakala ya kitambulisho chako, peleka mkononi, simama hapo mpaka vifutwe.

Mwisho ni nakala. Kazi yako iwe na nakala tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje, na nje ya nyumba hiyo kabisa. Google wanatoa nafasi ya GB 15 mtandaoni bure, maandishi ya mwalimu hayaijazi hata kwa miaka, weka huko mitihani na maazimio. Picha ni nzito, hizo ziende kwenye diski. Diski isikae imechomekwa wakati wote, kirusi au radi ikija vyote viwili vitaondoka pamoja. Chagua siku, Ijumaa jioni kwa mfano, nakili, chomoa, weka kabatini. Kila muhula fungua mafaili mawili matatu kutoka kwenye nakala uone yanasomeka. Diski ya zamani ikianza kukwaruza, acha kila kitu unakili siku hiyo hiyo. SSD, ile diski ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka ndani, mara nyingi haitoi dalili, inaweza kufa ghafla bila onyo lolote, kwa hiyo kasi yake isikudanganye.

Kesho asubuhi nampa konda wa gari la Kongwa boksi dogo lenye jina lako. Ndani kuna brashi, betri mbili za CR2032, fleshi nyekundu ya steshenari na diski mbili za nje. Moja ni yako ya kila Ijumaa. Ya pili ukishaijaza picha, mpe mdogo wako akija likizo, nitaitunza hapa na vyeti vyako. Ukishafungua ubavu nipigie picha hiyo karatasi ya pawasaplai, halafu uniambie fundi amesemaje kuhusu ethi.

Ni mimi mama yako