Bordeaux ya mwaka gani ndiyo kubwa kuliko zote?

Mzee mmoja, mteja wetu wa siku nyingi hapa Dar es Salaam, aliingia dukani na kijana wake. Shikamoo haijaisha vizuri, wakaendelea na ubishi waliokuwa wametoka nao kwenye gari. Mzee anashikilia kwamba haijatokea Bordeaux, mvinyo wa eneo la jina hilo huko Ufaransa, ya kuishinda ile ya mavuno ya 1982. Kijana anasema 2016 imeshaipita. Wakanigeukia nitoe hukumu. Swali hilo tunaulizwa mara nyingi, hasa Desemba watu wanapotafuta zawadi, kwa hiyo nimeona niliandikie jibu lenye nafasi ya kutosha.

Sisi tuliozoea mvinyo wa Dodoma hatuna mazoea ya kuangalia mwaka wa mavuno kwenye chupa. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na jua la pale halina ubahili. Bordeaux ni habari nyingine. Iko karibu na bahari ya Atlantiki, mvua huja bila kubisha hodi, mavuno ni mamoja tu kwa mwaka, na kwa kawaida sheria za eneo hilo haziruhusu kumwagilia mizabibu iliyokwisha kuanza kuzaa. Mkulima anakula alichopewa na anga. Aprili inaweza kuja jalidi, yaani baridi ya alfajiri inayogandisha umande na kuunguza machipukizi. Juni, maua yanapochanua, baridi na mvua huyapukutisha. Septemba ikinyesha sana, zabibu huvimba maji au huoza zikiwa bado kwenye mti. Ndiyo maana chupa mbili za nyumba moja ya mvinyo, yaani mtengenezaji mmoja, shamba lile lile, zikipishana mwaka mmoja tu zinaweza kutofautiana kama ndugu wasiofanana kabisa.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui: hakuna orodha rasmi ya miaka mikuu. Orodha mashuhuri ya 1855, iliyotengenezwa kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris, ilipanga nyumba za mvinyo kwa madaraja, haikupanga miaka. Badiliko lake linalokumbukwa zaidi ni la 1973, nyumba ya Mouton Rothschild ilipopandishwa daraja la kwanza. Sifa ya mwaka hujengwa na wanywaji, wauzaji na waandishi, na hubadilika kadiri chupa zinavyozeeka. Kwa hiyo ubishi wa mzee na kijana wake ni wa halali, na hautakwisha leo.

Majina yanayorudi kila mara ni haya. 1945 ina historia ya kumgusa mtu: jalidi ya mwanzoni mwa Mei iliua sehemu kubwa ya zao, kisha likaja joto na ukame, zabibu zikawa chache na zenye nguvu. Vita Ulaya viliisha mwezi huo huo, na Mouton Rothschild ikachora herufi V ya ushindi kwenye lebo yake. 1947 ilikuwa ya joto kali kupita kiasi. Cheval Blanc ya mwaka huo, mvinyo wa nyumba iliyoko Saint-Émilion ndani ya Bordeaux, ina kilevi kingi na utamu kidogo uliobaki kwa sababu uchachukaji ulikwama kwenye joto. Mtaalamu wa maabara angeihesabia dosari, lakini ni miongoni mwa mvinyo unaosifiwa zaidi duniani. 1961 ilipata hasara wakati wa maua, mashada yakawa machache, kisha Agosti na Septemba zikawa kavu na za jua. Kidogo kilichobaki kikawa kizito na chenye maisha marefu.

Halafu 1982. Hapa mzee ana hoja nzuri. Mwaka huo zabibu zilikuwa nyingi na zimeiva vizuri, mambo mawili ambayo watu wa zamani waliamini hayaendi pamoja. Mvinyo ulikuwa laini na mnono tangu ungali kwenye mapipa, na baadhi ya waonjaji wakasema hautadumu. Mmarekani Robert Parker, mwandishi wa mvinyo aliyekuwa bado hajulikani sana, alisimama akasema huu ni mwaka mkuu. Miaka ilivyopita chupa bora zikaendelea kupendeza, jina la Parker likapanda, na alama alizoupa kila mvinyo zikawa na nguvu sokoni kwa miongo mingi. Kwa hiyo 1982 ilibadilisha hata namna watu wanavyonunua Bordeaux. Miaka michache kabla yake, 1975, ilisifiwa kwa ugumu wake, watu wakiamini ukakasi mwingi ni dalili ya maisha marefu. Chupa nyingi za 1975 zilisubiriwa, zikasubiriwa, na matunda yakaisha kabla ukakasi haujalainika.

Ukitaka kuona kiini cha ubishi wote huu, tazama miaka pacha. 1928 na 1929 zilifuatana, na zote zilisifiwa: ya kwanza ngumu, iliyohitaji miongo kadhaa kabla ya kufunguka, ya pili laini na ya kupendeza mapema. Miaka themanini baadaye hadithi ikajirudia. 2009 ilikuwa ya jua na joto, mvinyo wake mnene na mkarimu. 2010 ilikuwa kavu lakini na usiku wa baridi, kwa hiyo uchachu ulibaki juu na ukakasi ukawa mkali. Mtu anayependa 2009 na anayependa 2010 hawabishani kuhusu hali ya hewa. Wanabishana kuhusu ladha yao wenyewe. Mmoja anataka mvinyo umkumbatie, mwingine anataka mvinyo unaomsimamisha wima. Mimi ni wa 2010, lakini nikialika wageni nyumbani leo usiku ningefungua 2009, kwa sababu 2010 nyingi za nyumba kubwa bado hazijawa tayari.

Kuna kosa moja tunalojitahidi kuwaepusha wateja wetu: kuuchukulia mwaka kana kwamba Bordeaux nzima ni shamba moja. Mto Garonne na mto Dordogne hukutana na kufanya mlango mpana wa Gironde. Upande wa kushoto, kwenye Médoc, katika vijiji kama Pauillac na Margaux, ardhi ina changarawe nyingi, na zabibu inayotawala ni Cabernet Sauvignon, inayochelewa kuiva. Upande wa kulia, Pomerol na Saint-Émilion, udongo wa mfinyanzi na chokaa ni mwingi, na Merlot inayowahi kuiva ndiyo mwenye nyumba. Sasa fikiria mvua ikishuka mwisho wa Septemba. Merlot imeshavunwa, Cabernet bado iko nje inalowa. Ndivyo ilivyokuwa 1998, mwaka mkubwa kwa upande wa kulia na wa kawaida kwa sehemu kubwa ya Médoc. 1996 ilikwenda kinyume chake: Médoc iling'aa kuliko jirani zake. 2003, mwaka wa joto lililoua watu wengi Ulaya, mvinyo mwingi ulitoka na ladha ya matunda yaliyopikwa, lakini Saint-Estèphe kaskazini mwa Médoc ilistahimili vizuri kwa kuwa ina mfinyanzi unaotunza maji chini. Mtu akikuambia tu kwamba 2003 ni nzuri au mbaya, muulize ya wapi.

Na kuna mvinyo mtamu wa Sauternes, sehemu nyingine ya Bordeaux, ambao una kalenda yake. Pale asubuhi za vuli hushuka ukungu, maji baridi ya kijito Ciron yanapokutana na Garonne, na ukungu huo hulea kuvu linalokausha zabibu na kuacha sukari nyingi ndani. Mwaka jana alikuja mama mmoja kutafuta chupa ya kumwekea binti yake aliyezaliwa 2013. Kwa mvinyo mwekundu 2013 ulikuwa mwaka mgumu sana, majira ya kuchipua yenye baridi na mvua, maua yakaharibika, kisha uozo wakati wa mavuno. Sikutaka kumuuzia chupa nyekundu ambayo ingekuwa imechoka binti hajafika umri wa kuinywa. Nikampa Sauternes ya 2013, maana unyevu ule ule uliowaliza majirani uliwafaa wakulima wa Sauternes, na mvinyo huo una maisha marefu. Kinyume chake 2012: Château d'Yquem, nyumba mashuhuri kuliko zote za Sauternes, iliamua kutotoa hata chupa moja ya mvinyo wake mtamu wa mwaka huo. Binafsi naiheshimu nyumba inayokubali hasara ya namna hiyo.

Sasa hukumu, maana niliahidi. Kipimo changu cha mwaka mkuu ni kimoja: je, mkulima mdogo, asiye na jina wala fedha za kuchagua zabibu moja moja, naye alitengeneza mvinyo mzuri? Nyumba za daraja la kwanza siku hizi hutoa chupa nzuri hata mwaka mbaya. Watayatupa mashada mabovu, watapunguza kiasi, watafika. Mwaka mkuu unaonekana kwa mnyonge. Na uonekane pande zote mbili za mto. Kwa kipimo hicho 1982 na 1990 zinapita, 2005 inapita vizuri, lakini mimi nampa ushindi kijana: 2016. Mvua nyingi ilinyesha nusu ya kwanza ya mwaka na kujaza udongo maji, kisha kiangazi kikawa kikavu kabisa, mvua kidogo katikati ya Septemba ikaiburudisha mizabibu, na mavuno yakaendelea hadi Oktoba kwa mchana wa jua na usiku wa baridi. Nimeonja chupa za bei ya chini za mwaka huo ambazo zilikuwa na uwazi na uchangamfu niliozoea kuukuta kwenye chupa za bei mara tatu. 2022, pamoja na joto na ukame wake, inaweza kuja kuidai nafasi hiyo, ila ni mapema mno kuitangaza.

Mzee hakukubali. Aliondoka na chupa ya 1998 ya Saint-Émilion, mwaka aliomwoa mkewe, na hapo sikuwa na la kupinga.

Lakini kama hununui kwa ajili ya kumbukumbu, nisikilize kwenye hili, maana ndipo fedha yako inapookoka. Mwaka mkuu hupandisha bei ya kila chupa iliyobeba tarakimu hizo, na mara nyingi chupa yenyewe bado ni changa. Kwa chakula cha Jumapili hii, nyama choma au pilau ya mbuzi, nitakuelekeza kwenye 2014, ambayo iliokolewa na Septemba na Oktoba za jua baada ya kiangazi cha mashaka. Kwa upande wa kulia nitakutafutia 2001, mwaka uliofunikwa na kelele za 2000 na ambao umezeeka kwa heshima. Ukitaka kitu cha bei nafuu cha kunywa mapema, chukua Bordeaux Supérieur (jina la Bordeaux yenye masharti makali kidogo kuliko ile ya kawaida) ya 2019 au 2020. Ya 2021 ninaichagua kwa uangalifu: jalidi ya Aprili, magonjwa ya majani na kiangazi cha baridi viliwatesa wakulima, ingawa waliofanikiwa walitoa mvinyo mwepesi wa mtindo wa zamani ambao mimi naupenda.

Yote haya hayana maana chupa ikikaa kwenye joto. Mvinyo wa kuzeeka unataka nyuzi 12 hadi 14, bila kupanda na kushuka, na chupa ilazwe ili kizibo kisikauke. Chumba cha kawaida cha Dar kinafika nyuzi 30 na zaidi. Mteja wetu mmoja aliweka 2005 nzuri juu ya friji kwa miaka minne, mahali penye joto la mashine na mtikisiko. Tulipoifungua pamoja rangi ilikuwa ya kahawia na ladha ya zabibu kavu zilizochemshwa. Alinyamaza, nami nikanyamaza. Tangu hapo ndipo tulipoanza kuwatunzia wateja chupa zao kwenye chumba chetu cha baridi. Kila chupa ina jina la mwenyewe na tarehe iliyoingia.

Chupa iliyopita miaka kumi na mitano huwa na mashapo chini. Ukipanga kuifungua Jumamosi, tupigie simu Alhamisi ili tuisimamishe wima mapema, mashapo yatulie, na ukija kuichukua uisafirishe ikiwa imesimama vivyo hivyo, kwenye kikasha chenye barafu kidogo, si kwenye buti ya gari iliyoshinda juani.